Viwanja vya malipo ya awamu Dodoma: tathmini ya mnunuzi wa mara ya kwanza

Mwezi Machi 2025 nilikabidhiwa hati miliki ya kiwanja changu cha kwanza, kiwanja cha makazi chenye ukubwa wa mita za mraba 612 kilichopo upande wa Nala, kando ya barabara iendayo Singida. Nilikinunua kwa awamu kutoka kwa mojawapo ya kampuni binafsi zinazopima na kuuza viwanja hapa Dodoma, na tangu siku nilipopanda gari lao kwenda kuona eneo hadi siku niliposaini daftari la kupokea hati, ilipita miaka miwili na miezi mitano. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya mtu ambaye ndiyo kwanza anataka kuweka akiba yake kwenye ardhi, mwenye mshahara wa kawaida kama wangu, ambaye akipoteza milioni tano hana pa kuzirudisha. Kampuni yenyewe sitaitaja kwa jina. Malalamiko niliyokuwa nayo tumeyamaliza ofisini kwao, na wenzangu walionunua kwa kampuni nyingine wamenieleza mambo yanayofanana mno na yangu, kiasi kwamba jina moja lingempotosha msomaji akadhani akiiepuka hiyo moja atakuwa salama.

Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma mwaka 2019, kipindi ambacho Mji wa Serikali wa Mtumba ulikuwa umeanza kupokea ofisi za wizara na kila aliyehamishwa alikuwa akitafuta pa kupanga. Maneno ya wauzaji wa viwanja nimeyasikia tangu wakati huo, nayo yamejengwa juu ya mambo ya kweli: Serikali ilitangaza kuhamia hapa mwaka 2016, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018, uwanja wa ndege wa kimataifa unajengwa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 inauzunguka mji, na treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi hapa mwezi Julai 2024. Hakuna uongo katika orodha hiyo. Kasoro iko kwenye hatua inayofuata, pale muuzaji anapotoka kwenye ukweli kwamba mji unakua na kufikia ahadi kwamba kiwanja hiki hiki, chenye namba hii, bei yake itakuwa mara mbili baada ya miaka miwili. Kijana wa mauzo aliyenihudumia aliisema ahadi hiyo mara tatu kabla hatujafika eneo la mradi. Nilipomwomba anitajie mtu mmoja aliyeuza kiwanja katika eneo hilo kwa bei hiyo, alinitajia bei zinazotangazwa na madalali. Mnunuzi mgeni ajizoeze kutenganisha bei inayotangazwa na bei iliyolipwa, maana kati ya hizo mbili ndimo hasara nyingi hujificha.

Nianze na jambo walilolifanya vizuri, nalo ni safari ya kuona eneo. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi gari lao liliondoka karibu na Nyerere Square likiwa na wanunuzi kumi hadi kumi na wawili, bila malipo na bila kumlazimisha mtu kuweka oda siku hiyo. Tulipofika Nala tulipewa kila mmoja nakala ya mchoro wa mipango miji wenye namba za viwanja na vitalu, kisha msaidizi wa mpima akatuongoza kwa miguu. Sikuridhika kuonyeshwa kiwanja kwa kidole. Nilimwomba atafute bikoni zote nne, yaani alama za zege za pembe za kiwanja, naye hakununa. Mbili zilionekana mara moja. Ya tatu ilikuwa imefunikwa na mabua ya uwele ya msimu uliopita, akaichimbua kwa ncha ya panga na kuipangusa udongo kwa kiganja hadi namba iliyochorwa kwenye zege ikasomeka, nasi tukailinganisha na ile iliyokuwa kwenye karatasi. Ya nne haikuwepo. Palikuwa na shimo tu. Alikiri kwamba imeng'olewa, akaandika kwenye daftari lake, na baada ya majuma matatu nikapigiwa simu kuelezwa kwamba imerudishwa. Nilikwenda nikaiona. Kampuni ambayo watu wake hawawezi kukuonyesha bikoni zote nne, au wanakuambia kwamba utaonyeshwa ukishalipa, usiipe hata shilingi moja ya kushikia nafasi.

Hata hivyo, kiwanja nilichonunua si kile nilichoonyeshwa siku ile ya kwanza. Ilikuwa Oktoba 2022, na mtu yeyote anayeifahamu Dodoma anajua hali ya Oktoba: ardhi imekauka, miti imepukutika, na korongo linaonekana kama njia pana ya mchanga ambayo mtu angeweza hata kuegesha gari lake. Kiwanja cha kwanza kilikuwa cha bei nafuu, shilingi 7,000 kwa mita ya mraba wakati vingine viliuzwa 8,500, na sababu niliyopewa ni kwamba kipo pembeni ya mradi. Wakati wenzangu wanapiga picha, nilisogea kwenye kaya ya jirani ambako bibi mmoja mwenyeji alikuwa akipepeta karanga. Nilimwamkia kwa Kigogo changu kichache, "Mbukwenyi," akacheka na kunikaribisha kwenye kigoda. Nilipomweleza kwamba nafikiria kununua pale chini, aliacha ungo wake.

"Mwanangu, umepaona wakati wa masika?"

"Hapana, bibi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Basi subiri mvua, kisha uje tena. Maji yana njia yao."

Nilimsikiliza. Mwezi Januari 2023, siku mbili baada ya mvua kubwa, nilirudi peke yangu kwa bodaboda. Lile korongo lilikuwa limepanda na kukata kona moja ya kiwanja nilichoonyeshwa, na bikoni iliyokuwa upande huo ilikuwa imelala kwenye tope. Sehemu iliyobaki ilikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ule ambao ukilowa huvimba na kugandia viatu, na ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Fundi niliyemwuliza baadaye alinieleza kwamba kujenga juu ya udongo wa aina hiyo kunahitaji kuuchimba na kuuondoa, kujaza kifusi na kuweka msingi wenye nondo, gharama ambayo ingemeza ile nafuu yote ya bei na zaidi. Mita mia mbili kwenda juu, udongo ulikuwa mwekundu wa kichanga na maji yalikuwa yameshanywewa. Huko ndiko kiliko kiwanja changu. Ningeona vyema kampuni zenyewe zingepeleka wanunuzi mara mbili, kiangazi na masika, lakini sijaona hata moja inayofanya hivyo. Kwa hiyo safari ya pili ni ya mnunuzi mwenyewe, na nauli yake ya bodaboda ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote nilizotumia katika jambo hili.

Baada ya ardhi yalifuata makaratasi, na hapa ndipo huduma yao ilipoanza kulegea. Ofisini nilionyeshwa ramani ya upimaji yenye muhuri na mchoro wa mipango miji, nikaambiwa kwamba mradi ni wa kampuni. Nilichukua namba ya kiwanja, herufi ya kitalu na namba ya ramani, nikaenda idara ya ardhi ya Jiji kuuliza mambo matatu: kama namba hiyo ipo kwenye upimaji ulioidhinishwa, kama matumizi yaliyopangwa ni makazi kweli na si eneo la wazi au la huduma za jamii, na kama kuna mtu mwingine aliyekwisha kumilikishwa. Kwa kiwanja ambacho tayari kina hati, mahali pa kuuliza ni kwa Msajili wa Hati, ambako mtu hulipia upekuzi na kupewa taarifa ya maandishi inayoonyesha jina la mmiliki, muda wa hati na kama kuna mkopo au zuio la mahakama. Changu kilikuwa hakijatolewa hati, kwa hiyo jibu lilitoka kwa maofisa ardhi. Upimaji ulikuwepo na matumizi yalikuwa makazi. Lakini shamba lililopimwa halikuwa la kampuni. Lilikuwa la familia moja ya wenyeji iliyoingia makubaliano na kampuni kwamba kampuni igharimie upimaji, kisha viwanja vigawanywe kati yao.

Utaratibu huo wenyewe si haramu, na umewawezesha wenyeji wengi kupata thamani halisi ya mashamba yao badala ya kuuza ekari kwa bei ya kutupa. Lakini kwa mnunuzi, unabadilisha swali la msingi la nani anauza. Mwenye shamba alikuwa amekwisha kufariki, na watoto wake wanne ndio waliosaini makubaliano na kampuni. Niliomba nione barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, kwa sababu mtoto wa marehemu, hata akiwa mkubwa wa wote, hana mamlaka ya kuuza mali ya mirathi mpaka awe ameteuliwa. Kijana wa mauzo alinijibu kwa upole, "Dada yangu, wateja wote wamenunua bila kuuliza hayo." Nilimwomba anipeleke kwa meneja wake. Ilichukua siku kumi na moja, barua ikapatikana, na aliyetajwa humo alikuwa binti wa pili, ambaye jina lake halikuwemo kabisa kwenye rasimu ya mkataba niliyokuwa nimepewa. Mkataba ukarekebishwa, yeye akasaini kama muuzaji na kampuni ikasaini kama wakala wake, mbele ya wakili niliyemlipa mwenyewe shilingi 150,000. Wapo watakaoona kwamba 150,000 ni nyingi kwa karatasi nne. Mimi nawasihi wailipe, tena kwa wakili wanayemtafuta wenyewe, si yule anayekaa kwenye ofisi ya muuzaji.

Hapa naomba niseme neno kuhusu muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu nimeona wengi wakiutegemea kana kwamba ndio hati. Mwenyekiti na mtendaji wanaweza kushuhudia kwamba wanamfahamu muuzaji na kwamba hakuna mgogoro wanaoujua, na ushahidi huo una maana kubwa siku mambo yanapofika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini hawamilikishi ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi; anachopewa mtu mjini ni haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa na kwa masharti yaliyoandikwa. Kwa Dodoma muda huo una historia yake. Kuanzia mwaka 1973 ardhi ya mji ilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ambayo wamiliki wengi iliwapa hati za miaka 33, hadi ilipovunjwa mwezi Mei 2017 na kazi zake kuhamishiwa halmashauri. Anayenunua leo nyumba ya zamani katika maeneo ya mjini asome kwanza hati iliyopo ina miaka mingapi iliyobaki, kwa sababu nyumba nzuri juu ya hati inayokaribia kuisha muda si bei sawa na nyumba hiyo hiyo juu ya hati ya miaka 99. Na kama anayemuuzia nyumba ana mke au mume, ridhaa ya mwenza huyo iwepo kwa maandishi. Sheria inaitaka kwa nyumba ya familia, na mauzo yasiyo nayo yanaweza kutenguliwa.

Nirudi kwenye huduma yao. Utaratibu wa malipo ulikuwa wazi na sikuona hila ndani yake. Bei ilikuwa shilingi 5,202,000. Nililipa asilimia 30 ya kuanzia, yaani 1,560,600, na iliyobaki nikailipa kwa miezi kumi na miwili, shilingi 303,450 kila mwezi, bila riba. Fedha zote zilipita kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, na kila mara nilipewa risiti siku hiyo hiyo. Kijana wa mauzo aliwahi kuniomba nimtumie awamu moja kwenye simu yake "ili aniwahishie", nikakataa, na ningekataa hata kama ingekuwa ni ndugu yangu. Kifungu kimoja cha mkataba kilinitia wasiwasi: mnunuzi akichelewesha awamu mbili mfululizo, kiwanja kitarudi kwa muuzaji na asilimia 40 ya fedha zilizolipwa haitarudishwa. Wakili wangu aliwaomba wapunguze iwe asilimia 10, wakakubali bila mabishano, jambo lililonionyesha kwamba mikataba hii huandikwa kwa ukali kwa sababu wanunuzi wengi hawaombi chochote. Kabla mtu hajasaini mkataba wa awamu, ajipime kwa mwezi ambao mambo hayakwenda sawa, mwezi wa msiba au wa ada za shule, si kwa mwezi ambao mshahara umeingia na hakuna aliyeugua.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu hati. Mkataba ulisema hati itatolewa "ndani ya siku 90 baada ya kumaliza malipo, gharama za hati zikiwa juu ya mnunuzi". Nilimaliza kulipa Februari 2024. Siku 90 zilipita, zikapita nyingine, na kila nilipokwenda niliambiwa faili liko mezani kwa mtu fulani. Mwezi wa nane niliacha kupiga simu na nikaandika barua rasmi, nikaambatanisha nakala ya mkataba na risiti zote kumi na tatu, nikaomba nijibiwe kwa maandishi. Jibu lilikuja baada ya siku tano likiwa na ankara ya shilingi 950,000 ya "gharama za hati". Hapo ndipo nilipogundua kosa la mkataba ambalo mimi na wakili wangu hatukuliziba: gharama zilikuwa juu yangu, lakini kiasi hakikutajwa. Niliomba mchanganuo. Malipo ya Serikali, yaani ada ya kuandaa hati, ada ya usajili, ushuru wa stempu na pango la ardhi la mwaka wa kwanza, yalikuwa shilingi 438,600, nayo hulipwa kwa namba maalumu ya malipo ambayo mtu yeyote anaweza kuilipia mwenyewe. Zilizobaki zilikuwa za "ufuatiliaji". Baada ya kikao kirefu na meneja tulikubaliana jumla iwe 650,000, na hati ikatoka mwezi Machi uliofuata, miezi kumi na mitatu baada ya malipo ya mwisho.

Sisemi kwamba ucheleweshaji wote ulikuwa wa kampuni, maana foleni ya hati ni ndefu kwa kila mtu. Ninachowalaumu ni kuahidi siku 90 wakijua kwamba hazitoshi, na kumwacha mnunuzi agundue gharama ya pili wakati hana tena nafasi ya kukataa. Nikijumlisha bei, gharama za hati, wakili, na shilingi 80,000 za nauli na kusafisha mipaka, kiwanja cha 5,202,000 kilinigharimu 6,082,000. Ni nyongeza ya karibu asilimia 17, na hakuna hata senti moja ya nyongeza hiyo iliyokuwa kwenye kipeperushi. Anayeanza aiweke kwenye hesabu yake tangu siku ya kwanza, na adai kwamba kiasi cha gharama za hati kiandikwe kwa tarakimu ndani ya mkataba.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza: je, inalipa? Jibu langu linatokana na jirani yangu wa mradi, ambaye alinunua wakati mmoja na mimi kiwanja cha takriban ukubwa huo huo na gharama zake zote zikafika milioni sita hivi. Aprili 2025 alipata shida ya fedha akakitangaza kwa milioni tisa, kwa sababu ndiyo bei aliyokuwa akiiona kwa madalali. Walikuja watu kukitazama, wakapiga picha, wakaondoka. Akashusha hadi nane, kisha saba na nusu. Novemba alikiuza kwa 6,800,000 na kumlipa dalali laki tano. Kilichobaki juu ya gharama yake kilikuwa kama laki tatu, na hapo bado hajazungumza na TRA, ambako faida ya mauzo ya ardhi hutozwa kodi ya asilimia 10 kwa mkazi. Laki tatu kwa fedha iliyokaa zaidi ya miaka miwili na nusu, na miezi saba ya kusubiri mnunuzi wakati mtoto yuko hospitali. Ardhi ni akiba ya mtu asiyehitaji fedha hiyo kesho wala mwakani. Mtu ambaye hana akiba nyingine yoyote ya dharura, namshauri kwa moyo wote aweke hiyo kwanza, kiwanja kitamsubiri.

Upande wa kupangisha una hesabu yake, na hapa eneo ndilo huamua kila kitu. Watu huzungumza kuhusu "wapangaji wa Dodoma" kana kwamba ni kundi moja. Wabunge na wanaowafuata hujaa mjini wakati wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na wanataka nyumba zenye samani karibu na katikati ya mji. Mwezi wa saba nyumba hizo huweza kubaki tupu. Wanafunzi wa UDOM wanataka chumba cha bei nafuu upande wa chuo. Watumishi wa wizara wanatazama Ihumwa, Mtumba na njia ya kwenda huko. Nala haiko karibu na yeyote kati yao. Nilinunua kule kwa sababu ni eneo lililotengewa viwanda, na kiwanda cha mbolea cha Itracom kiko huko, na nategemea kwamba siku moja vyumba vya kawaida vya wafanyakazi vitapata watu. Hiyo ni imani yangu, si ahadi ya mtu, na nimeiwekea kiasi ambacho naweza kukisubiri miaka kumi. Kabla ya kujenga nitahitaji kibali cha ujenzi, na nitahitaji maji. Mji huu kwa miaka mingi umekunywa maji ya Mzakwe, kwenye visima vya Makutupora, na bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, halijafika kwenye kitalu chetu. Waliokwisha kujenga wananunua maji ya boza. Muuzaji akisema "huduma zote zipo", mtu atembee mpaka kwenye nguzo ya umeme ya mwisho na ahesabu ziko ngapi kati ya hiyo na kiwanja chake.

Wapo wanaoniuliza kama si afadhali kununua moja kwa moja kwenye viwanja vinavyotangazwa na Halmashauri ya Jiji. Kwa upande wa usalama wa makaratasi, ni afadhali, kwa sababu anayekuuzia ndiye aliyepanga na kupima, na malipo yanaingia serikalini. Ugumu ni kwamba fedha hutakiwa ndani ya muda mfupi, na mtu wa kudunduliza kama mimi anaachwa. Kuhusu mashamba yasiyopimwa yanayouzwa kwa hatua za miguu na madalali wa vijiweni, sina la kuongeza zaidi ya kwamba anayeanza asiyaguse.

Kampuni hii ningeipa alama nzuri kwa safari za kuona eneo na kwa uwazi wa malipo, alama ya wastani kwa mikataba, na alama mbaya kwa hati na kwa ahadi za bei. Mdogo wangu wa kike, aliyehamia Dodoma mwaka jana, anataka kununua katika mradi wao mpya, na mwezi uliopita nilimsindikiza ofisini kwao tukiwa na mahitaji manne kwenye karatasi: barua ya msimamizi wa mirathi au uthibitisho wa mmiliki, bikoni zote zionyeshwe, gharama za hati ziandikwe kwa tarakimu, na hati ikizidi miezi kumi na minane mnunuzi awe na hiari ya kurudishiwa fedha zake zote. Matatu ya kwanza waliyakubali pale pale. La nne walisema watalipeleka kwa wakurugenzi. Malipo yake ya kuanzia bado yako benki, kwenye akaunti yake mwenyewe, na mvua zikianza tutakwenda kulitazama eneo.